Nani Anamlipia Mvuvi wa Ukara Uniti Yake ya Umeme?

Mwishoni mwa Januari 2025 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam na kupitisha azimio la kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030, mpango unaosukumwa na Benki ya Dunia pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Miezi michache baadaye mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa, na bwawa hilo likafikia uwezo wake kamili wa megawati 2,115. Katika kipindi hichohicho Serikali ilitangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kwamba kazi iliyobaki ni ya vitongoji. Mtu akiziunganisha habari hizo tatu, anafika mahali ambapo wengi wamekwisha kufika: kama umeme sasa upo wa kutosha, kwa nini wakazi wa visiwa waendelee kuletewa paneli na betri badala ya kuvutiwa waya kama wenzao wa bara? Katika mazungumzo ya kila siku swali hilo hubeba pia shaka kwamba umeme wa jua ni umeme wa daraja la pili, unaogawiwa wale ambao Serikali imechoka kuwafikia.

Swali hilo lina mantiki, na wanaoliuliza si wajinga, lakini linaweka nguvu mahali pasipo na mzigo. Kwa kisiwa kidogo kilicho mbali na gridi ya taifa, suala la teknolojia limekwisha kuamuliwa na soko la dunia: betri za lithiamu, ambazo mwaka 2010 ziligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa ya uwezo wake, zilikuwa zimeshuka hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024, na paneli nazo zilikuwa zimeporomoka bei kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Jambo ambalo halijaamuliwa ni nani anayelipa tofauti kati ya gharama halisi ya kuzalisha na kusambaza uniti moja (kilowati-saa moja) kisiwani na bei anayotozwa mwananchi. Mwaka 2020 Tanzania ilijibu nusu ya swali hilo, ikaamuru bei. Nusu ya pili, ya chanzo cha fedha za kuziba pengo, iliachwa wazi, na hoja ya makala hii ni kwamba hapo ndipo umeme wa visiwani unapokwama. Anayeendelea kubishania kama jua lina nguvu za kutosha anabishania jambo lililokwisha.

Kuelewa pengo hilo kunahitaji kuelewa kwanza kisiwa cha wavuvi kinaishije. Wilaya ya Ukerewe peke yake inahesabiwa kuwa na visiwa 38, na vingine vingi vimetapakaa Buchosa, Muleba na Musoma, bila kutaja vile vya Kenya na Uganda ndani ya Ziwa Victoria hilohilo. Uchumi wa mialo yake, yaani fukwe zinakopakuliwa samaki, hauendi kwa mwezi wa mshahara, unakwenda kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mbalamwezi inapotanda, taa hazina kazi, boti hupumzishwa, na fedha hupungua mwaloni kwa siku kadhaa mfululizo. Familia inayonunua uniti ishirini wiki hii inaweza isinunue hata moja wiki ijayo, si kwa kukataa umeme bali kwa sababu ziwa halijatoa kitu. Sangara na sato wana hesabu yao tofauti: wanahitaji barafu, na mvuvi asiye na barafu hana ubavu wa kubishania bei na mwenye boti la kukusanya samaki, kwa maana kila saa inayopita samaki wake anashuka thamani huku barafu ikiwa ndani ya boti la mnunuzi. Mvua ikinyesha, dagaa walioanikwa mchangani huharibika au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo nguvu ya umeme kisiwani haimaanishi taa tu; inamaanisha mtu wa mwaloni kuweza kusubiri bei.

Upande wa mtambo nao una tabia yake. Paneli huzalisha kwa wingi saa sita mchana, wakati nyumba nyingi zinatumia kidogo, na kila uniti inayohifadhiwa kwa ajili ya usiku hupitia kwenye betri, ambayo ni sehemu ghali ya mfumo na ndiyo inayochakaa mapema. Uniti ya mchana inayokwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga, mtambo wa barafu au fundi wa kuchomelea ni ya gharama nafuu kuliko uniti ya usiku inayowasha televisheni. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu mitambo midogo ya namna hii, ilikadiria kwamba mitambo iliyo bora inazalisha kwa takriban dola 0.38 kwa uniti, na kwamba kiwango cha matumizi ya uwezo wake kikipanda kutoka asilimia 22 hadi asilimia 40, hasa kwa kupata wateja wa shughuli za uzalishaji mchana, gharama hiyo inashuka hadi karibu dola 0.28. Paneli ni zilezile na betri ni zilezile. Kinachobadilika ni nani anatumia na saa ngapi.

Ukara, kimojawapo cha visiwa vya Ukerewe, ndiko mambo haya yalikojaribiwa mapema. Wengi wa nje ya Kanda ya Ziwa walilisikia jina la kisiwa hicho Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Bwisya na kuua zaidi ya watu 220. Kila paneli, nguzo na betri iliyoko huko ilipita kwenye maji hayohayo. Miaka miwili kabla ya msiba huo, katika kijiji hichohicho cha Bwisya, kampuni ya JUMEME, iliyoundwa na wabia kutoka Austria na Ujerumani pamoja na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania, ilikuwa imewasha mtambo wa jua wa kilowati 60 wenye betri na jenereta ya dizeli ya akiba. Baadaye ilisambaa hadi visiwa vingine vya ziwa hilo. Kampuni hiyo haikuishia kuuza uniti; ilijaribu pia kununua sato kwa wavuvi, kuwagandisha kwa umeme wake na kuwapeleka masoko ya mbali, jaribio lililotokana na hesabu ileile ya kutafuta mteja wa mchana mwenye fedha.

Bei ndiyo iliyozua malalamiko. Kanuni za wakati huo za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ziliruhusu mitambo iliyo chini ya kilowati 100 kupanga bei bila kibali cha awali, kwa sharti kwamba asilimia 15 ya wateja wakilalamika mdhibiti aingilie. Zilikuwa kanuni zilizosifiwa sana na wawekezaji, na zilisaidia kuvuta mitaji. Lakini zilimwacha mwanakijiji wa Ukara akilipa kwa uniti mara nyingi zaidi ya mwenzake wa Nansio, makao makuu ya wilaya, anayehudumiwa na TANESCO, shirika la umeme la taifa, ambaye, akitumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Hakuna mbunge anayeweza kusimama mbele ya wapiga kura na kuitetea tofauti hiyo. Mwaka 2020 agizo likatoka Wizara ya Nishati kwamba wazalishaji binafsi nao watoze shilingi 100. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Tuifanye sasa hesabu ambayo agizo hilo halikuifanya. Dola 0.38 kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni kama shilingi 950. Mzalishaji anayepokea 100 anapungukiwa 850 kwa kila uniti anayouza. Tuchukulie kijiji cha wateja 300, kila mmoja akitumia uniti 10 kwa mwezi, matumizi ya taa, simu, redio na televisheni: pengo linakuwa shilingi milioni 30 na ushee kwa mwaka. Kwa bajeti ya taifa hizo si fedha. Ni pungufu sana ya bei ya gari moja jipya la halmashauri. Kwa kampuni yenye visiwa kumi ni hasara ya milioni 300 kila mwaka, na hakuna kampuni duniani itakayoibeba kwa hiari. Inachofanya kampuni iliyo katika hali hiyo hakihitaji utafiti kukijua: inaacha kuunganisha wateja wapya kwa kuwa kila mteja mpya ni hasara mpya, inaahirisha matengenezo, inaacha kuweka akiba ya betri, na mwekezaji aliyekuwa anakuja anageuzia mtaji wake nchi nyingine. Mwananchi anabaki na bei nzuri ya umeme ambao haupo saa nne za usiku.

Kwa watetezi wa soko huria hesabu hiyo inatosha kuhitimisha kwamba agizo lilikuwa kosa na kwamba bei irudishwe kwa wazalishaji. Hoja yao kuu, ambayo husikika sana katika mikutano ya wawekezaji, ni kwamba mkazi wa kisiwani tayari analipa ghali: mafuta ya taa, betri za tochi, kuchaji simu kwa mwenye jenereta, petroli, kwa hiyo umeme wa shilingi elfu moja au zaidi bado ni nafuu kwake. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa inasemwa kwa kujiamini sana. Mtu anayenunua kibaba kimoja cha mafuta ya taa kwa bei ya kunyonga hajathibitisha kwamba anaweza kununua debe kwa bei hiyohiyo. Amethibitisha tu kwamba giza ni baya. Kwa bei ya juu atanunua uniti mbili tatu za mwanga na kuzima. Hatawasha jokofu, hatasaga kwa mota, hatagandisha samaki. Mtambo utakaa mchana kutwa bila kazi, gharama zake zilezile zikigawanywa kwa uniti chache, na kila uniti itazidi kuwa ghali. Bei ya soko, katika kisiwa ambacho kipato chake kinapanda na kushuka kwa mbalamwezi, inaua mahitaji kama vile bei ya agizo isiyofidiwa inavyoua huduma. Watetezi wa agizo na wapinzani wake wote wameona upande mmoja wa shimo.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulifumbia macho, nalo ni kwamba umeme wa kijijini bara haujawahi kuuzwa kwa gharama yake. Mteja wa mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) anaunganishwa kwa shilingi 27,000, wakati mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 na asiyehitaji nguzo amekuwa akitozwa shilingi 320,960. Nguzo, transfoma na kilomita za waya zilizofika kijijini kwake hazimo kwenye bili yake kabisa. Ruzuku hiyo ni kubwa, ni halali, na haionekani, kwa sababu imezikwa ardhini pamoja na nguzo. Mfano ulio karibu zaidi ni Mafia. Kwa miaka mingi TANESCO imekuwa ikiwasha kisiwa hicho kwa majenereta ya dizeli, umeme ambao hauwezi kuzalishwa kwa shilingi 100 hata kidogo, na bado mteja wa Kilindoni analipa bei ileile ya mteja wa Ilala. Tofauti inabebwa na shirika, maana yake na wateja wengine wote wa nchi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba wakazi wa Mafia wanapendelewa. Kwa hiyo tunaposema umeme wa jua wa Ukara ni ghali, tunalinganisha gharama iliyo wazi na bei iliyofunikwa. Kanuni ya bei moja kwa taifa zima ilikwisha kukubaliwa zamani. Ilikosewa pale ilipovuka kutoka kwa shirika la umma kwenda kwa kampuni binafsi bila fidia yake kuvuka nayo.

Na mfuko wa kulipia upo. REA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, hupata sehemu ya fedha zake kutokana na asilimia 3 ya mauzo ya umeme na tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Hapa naomba msomaji atulie kidogo na kufikiria mtumbwi wa injini. Mvuvi wa Goziba au Ukara anachoma petroli kila anapotoka. Kwa wengi wao petroli ndiyo gharama kubwa ya safari. Kila lita hiyo ina shilingi 100 za umeme vijijini. Mwenye kitanda cha mbao kijiji cha bara asiyemiliki hata pikipiki amechangia mfuko huo kidogo kuliko mvuvi huyu, na nguzo zimemfikia. Wanaoiita ruzuku ya visiwani upendeleo wangeanza kwa kuhesabu lita zinazochomwa kati ya mwalo na mwalo.

Wapo wanaosema kwamba suluhisho la yote haya ni kebo chini ya maji, na hoja yao inastahili heshima kwa kuwa imefanya kazi Zanzibar. Unguja imeunganishwa na bara tangu mwaka 1980, kebo ya pili yenye uwezo wa megawati 100 ikaongezwa mwaka 2013, na Pemba ikapata ya kwake kutoka Tanga mwaka 2010, kilomita 78 hivi, ikaachana na majenereta ya Wesha. Ilikuwa sahihi. Lakini Unguja ina mahoteli, viwanda na mji mzima wa kutumia megawati hizo; gharama ya kebo inagawanywa kwa mamilioni ya uniti. Kisiwa chenye mahitaji ya makumi ya kilowati kinahitaji kebo ya urefu uleule kwa wateja wachache mno, na bado mtu atalazimika kulipa pengo, tena kubwa zaidi. Halafu Unguja yenyewe inakumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ilipokatika na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu, maji yakikosekana kwa sababu pampu hazikuwa na umeme. Kisiwa kinachotegemea waya mmoja kinahitaji chanzo chake cha akiba hata baada ya waya kufika, na siku hizi chanzo hicho kwa busara kitakuwa jua na betri. Mahali ambapo kisiwa ni kikubwa, kiko karibu na pwani na kinakua haraka, kebo ishinde. Bwawa la Nyerere halibadilishi chochote katika hesabu hiyo, kwa maana kinacholigharimu taifa ni kuusafirisha umeme hadi Ukara, na bwawa halipunguzi umbali.

Wengine wanapendekeza kila nyumba iwe na paneli yake. Kwa kambi za wavuvi zinazohama na msimu, na kwa nyumba zilizotawanyika, naliunga mkono pendekezo hilo bila masharti. Hakuna haja ya kusimika nguzo mahali ambapo kambi itahamishwa mwakani. Kwa kijiji cha kudumu chenye zahanati, shule na mashine ya kusaga halitoshi.

Shaka ya kwamba sola haina uwezo wa kubeba kisiwa kizima inaweza kujibiwa kwa ufupi, kwa mifano. Kisiwa cha Ta'u katika Samoa ya Marekani, chenye wakazi wapatao 600, mwaka 2016 kilianza kuendeshwa karibu chote kwa megawati 1.4 za paneli na betri zinazoweza kukihudumia kwa siku tatu bila jua. Chenye mafunzo zaidi kwetu ni Tokelau, visiwa vitatu vya Pasifiki vilivyo chini ya New Zealand, ambavyo mwaka 2012 vilisifiwa duniani kote kwa kuachana na dizeli. Umeme ulipokuwa wa uhakika watu walinunua majokofu zaidi, matumizi yakapanda, na baada ya miaka michache jenereta zikarudi kazini mpaka mfumo upanuliwe. Hawakushindwa, walifanikiwa kuliko walivyopanga. Kisiwa cha Eigg, Scotland, ambako watu wapatao mia moja wanamiliki wenyewe mfumo wa maji, upepo na jua tangu mwaka 2008, kilichagua njia nyingine: kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5 na kila biashara 10, na wakazi wamefunzwa kuuhudumia mtambo. Kwetu kikomo cha namna hiyo kingekuwa cha chini zaidi, lakini wazo lake ni zuri, kwamba mgao wa nguvu ukubaliwe na wenyeji kabla ya swichi kuwashwa, badala ya kugunduliwa usiku mtambo unapozimika.

Karibu zaidi na nyumbani, Ghana ilisimika mitambo mitano ya majaribio kwenye visiwa na kando ya Ziwa Volta, ikiwemo Pediatorkope, na kuamua kwamba iwe mali ya umma na wateja walipe bei ya taifa. Kenya nayo, kupitia KOSAP, mradi wa umeme wa jua kwa maeneo yasiyo na gridi, wa dola milioni 150 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, iliamua kwamba kampuni binafsi zijenge na kuendesha kwa mkataba, mali ibaki ya umma, na mteja alipe bei ya Kenya Power. Kimsingi huo ndio mpangilio ninaouona sahihi. Una kasoro mbili za kujifunza. Ya kwanza ni mwendo wake: miaka iliteketea kwenye manunuzi kabla ya vijiji kuona nguzo. Ya pili ni mipaka yake: mradi uliwekewa kaunti 14, Lamu na Kilifi zikiwemo, Siaya na Homa Bay zikiwa nje. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa Ndeda au Ringiti, visiwa vya Ziwa Victoria vinavyohudumiwa na kampuni binafsi, hayumo katika mpango wa bei moja ambao mwenzake wa visiwa vya Lamu amewekewa. Haki ya bei ikifungwa kwenye mradi, inaishia pale ramani ya mradi inapoishia.

Hoja nzito zaidi dhidi ya ninachokipendekeza ni ya wale wanaohofia kwamba ruzuku ya kila uniti itakuwa mrija. Kampuni itakuza gharama zake, itahesabu uniti ambazo hazikuuzwa, na Serikali italipa milele. Hofu hiyo ina msingi katika historia yetu ya ruzuku za pembejeo, na sidhani kama inajibiwa kwa kuapa kwamba tutakuwa waaminifu. Inajibiwa kwa namna fidia inavyolipwa. Mita za malipo ya kabla zinazotumika kwenye mitambo hii hutuma takwimu zake kwa mtandao wa simu, kwa hiyo mlipaji anaweza kuona kila uniti iliyouzwa na saa iliyouzwa. Kampuni zishindanishwe kwa kigezo cha fidia ndogo kwa uniti, si kwa idadi ya paneli, na fidia ipungue mwaka hadi mwaka kadiri wateja wa mchana wanavyoongezeka. REA imewahi kutoa ruzuku zinazolipwa kwa kila mteja aliyeunganishwa, na ulikuwa mwanzo mzuri. Tatizo la malipo ya aina hiyo yakiwa peke yake ni kwamba yanamalizika siku ya kuunganisha, wakati hasara inaanza siku hiyo.

Hapo ndipo betri zinapoingia, kwa sababu ndizo zinazofichua kama mpango ulikuwa wa kweli. Betri za asidi, zilizotumika sana katika mitambo ya mwanzo, mara nyingi huchoka baada ya miaka mitano hivi, na mapema zaidi zikiachwa kwenye joto bila uangalizi. Za lithiamu zinaweza kufika kumi au zaidi. Mwambao wa bahari una chumvi inayokula viunganishi na vyuma vya paneli. Ziwani kuna radi, na Ziwa Victoria linajulikana kwa radi zake. Vyovyote iwavyo, kuna mwaka ambao mtambo utahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, na kwa kawaida mwaka huo huja baada ya wafadhili kuondoka na mkataba wa dhamana kuisha. Kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe niliwahi kuzungumza na mwenye mashine ya kusaga aliyekwisha kufunga mota ya umeme, na kando yake alikuwa ameihifadhi injini yake ya zamani ya dizeli, imepakwa oili, imefunikwa turubai. Nilipomuuliza kwa nini asiiuze, alisema: "Umeme naupenda, lakini simjui atakayekuja siku ukizima." Mota yake ilikuwa haijawahi kumsumbua. Alichokosa ni mtu wa kumpigia simu, na mfanyabiashara mwenye shaka hiyo hawezi kutegemewa kuwa mteja wa mchana ambaye hesabu zote zilizotangulia zinamtegemea.

Kutokana na hayo, akiba ya betri inapaswa kutengwa kila mwezi kutoka kwenye mapato na fidia, iwekwe kwenye akaunti ambayo kampuni haiwezi kuigusa kwa matumizi mengine, na ihamie kwa mwendeshaji mpya endapo wa kwanza ataondoka. Mkataba useme pia kitakachotokea gridi ikifika. Kwenye kisiwa cha Sagar nchini India, mitambo ya jua iliyosimikwa kuanzia miaka ya 1990 ilipoteza kazi gridi ilipovuka mto. Kanuni za EWURA zimeliona hilo na kumruhusu mzalishaji mdogo kuuza umeme wake kwenye gridi, kugeuka msambazaji, au kufidiwa miundombinu yake ya usambazaji. Ni kifungu ambacho nchi nyingi hazina, na ingekuwa hasara kukiacha kikae kwenye karatasi. Mafundi nao watoke kisiwani. Kituo cha Barefoot College cha Kinyasini, Unguja, kimewafunza kina mama wa vijijini, wengi wasio na elimu ndefu ya darasani, kufunga na kutengeneza mifumo ya sola ya nyumbani. Mtambo wa kijiji ni mgumu zaidi, lakini kubadilisha fyuzi, kusafisha paneli na kusoma alama za hitilafu kwenye inveta hakuhitaji fundi avuke maji kutoka Mwanza.

Bajeti ya Wizara ya Nishati husomwa bungeni kati ya Aprili na Juni kila mwaka. Wabunge wa Ukerewe, Buchosa, Muleba na Mafia wakiuliza ni visiwa vingapi vimefikiwa, watapewa idadi, na idadi hiyo huenda ikawa ya kweli. Swali lenye manufaa zaidi kwa wapiga kura wao ni kasma (fungu la bajeti) namba ngapi inayofidia uniti za visiwani kwa mwaka huo wa fedha, imetengewa kiasi gani, na akiba ya betri za mitambo iliyowashwa tangu mwaka 2016 iko kwenye akaunti ya nani. Kama kasma hiyo haipo, basi shilingi 100 za Ukara zinalipwa na betri zenyewe.